Asali ya Kumkomboa Masanja

Binti yangu ameshalitupa kopo langu mara mbili, na mara zote mbili nimelifuata jalalani. Ni kopo la zamani la maziwa ya unga, limeliwa na kutu ukingoni, na kitakoni limekwaruzwa jina langu kwa msumari: NYAMIZI. Anasema linaharibu sura ya jiko lake. Jiko lake! Mtu ambaye chai tu ikimshinda anaita mama yake. Ukilifungua kopo hilo ukaingiza pua mpaka ndani, kwa mbali bado linanuka moshi na nta. Mume wangu anasema hakuna harufu yoyote, najidanganya. Basi na nijidanganye, pua ni yangu.

Wenzangu mliokulia Tabora mnajua kwamba asali yetu ilikuwa na moshi ndani yake. Hii ya siku hizi ya kwenye chupa, iliyochujwa ikachujika, naila lakini hatuelewani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mrina asali huko Ipole. Alitundika mizinga ya magome porini, na kila mjukuu aliyezaliwa alitundikiwa mzinga wake. Wa kwangu ulikaa mtupu miaka na miaka. Kila nikienda likizo namuuliza, naye ananijibu, "Mke wangu, nyuki hawalazimishwi. Wataingia wakipenda." Nilipokuwa darasa la tatu wakapenda. Babu akarina, akanijazia kopo moja, akaliandika jina langu kwa msumari, akampa dereva wa lori la tumbaku aniletee nyumbani Kanyenye. Siku hiyo nililala nalo ubavuni. Sitii chumvi, muulizeni mama yangu.

Nikaapa kwamba asali ile haonji mtu. Na katika watu wote wasioonja, wa kwanza kabisa alikuwa Masanja.

Masanja ni mdogo wangu, tumefuatana. Wakati huo alikuwa na miaka mitano na balaa la watu hamsini. Alikuwa anauma. Ukimnyima kitu anakuuma, ukimpa anataka kujua kwa nini ulichelewa. Alikwishatumbukiza daftari langu la hesabu kwenye ndoo ya maji "lioge", na alikwishawafungulia kuku wa jirani wote kumi na moja siku ya Jumapili, watu wako kanisani. Mama akifika mwisho wa subira alikuwa anasema, "Huyu mtoto ipo siku nitamgawa kwa mpita njia." Tulikuwa tunacheka. Maneno hayo yakaja kunirudia baadaye, na sikucheka.

Baba yeye hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mwalimu, tena mzee wa kanisa la Moravian. Msinielewe vibaya, alikuwa mpole, hata fimbo aliishika kama anayeiazima. Lakini mzaha alikuwa haujui. Tukianza kutaniana mezani anagonga sahani kwa kijiko: "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha." Tunanyamaza. Na neno likitoka kinywani mwake limetoka. Akikuahidi viatu Pasaka, Pasaka unavaa. Akisema Ijumaa utachapwa, hata uwe malaika kuanzia Jumatatu, Ijumaa unachapwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kumsikia akisema jambo asilotenda.

Likizo ya mwezi wa sita shangazi yetu aliyekuwa ameolewa Dodoma akajifungua, na Baba akatangaza kwamba safari hii hatupandi treni. Alikuwa amenunua pikapu kuukuu kwa mwalimu mwenzake, ya rangi iliyowahi kuwa bluu, na nadhani alitaka dada yake aione. Nyuma tukapakia gunia la mchele, kuku wawili waliofungwa miguu, na kikapu cha karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani hadi vinatafunika kama ngozi. Mbele tukakaa wanne kwenye kiti kimoja: Baba kwenye usukani, mimi nimeukalia mgongo wa gia, Mama, halafu Masanja dirishani. Dirisha kapewa yeye kwa sababu anatapika! Niliona huo ni uonevu wa wazi, mtu kupewa zawadi kwa kutapika. Nikalikumbatia kopo langu lililofungwa kwenye kipande cha kanga, nikanuna kuanzia Kanyenye hadi Kigwa.

Tuliondoka alfajiri, baridi ya Juni inauma masikio, na jua likapanda tukiwa tumeshaiva kwa vumbi. Tulipofika upande wa Tura Baba akaanza kusomesha, maana mwalimu hana likizo. "Njia hii," akasema, "ndiyo waliyopita babu zetu, wapagazi. Pembe za ndovu begani, kutoka Tabora hadi pwani, kwa miguu. Miezi mitatu." Nikainuka kuchungulia mchangani nikitafuta nyayo zao. Niliziona, tena nyingi, nikafurahi sana moyoni. Zilikuwa za mbuzi, lakini hilo nililijua nikiwa mtu mzima.

Pori likatumeza. Mbung'o wakaingia madirishani wakatuuma kupitia nguo, Masanja akatapika mara tatu kama ilivyotarajiwa, na jioni tukaingia Itigi, tukalala kwa rafiki ya Baba. Asubuhi tukaendelea, na tulipoipita Manyoni kidogo pikapu ikaanza kutoa mvuke mbele kama sufuria ya ugali. Rejeta ilikuwa imechemsha. Baba akaliegesha gari kando ya njia. Kushoto kulikuwa na nyumba moja ndefu ya udongo, paa lake la udongo pia, bapa kabisa, nikashangaa mvua ikinyesha inakwenda wapi. Mbele yake zizi la miiba. Na kutoka kwenye nyumba hiyo akaja mzee mmoja mrefu, mwembamba, na fimbo yake.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni masikio. Ndewe zake zilikuwa zimetobolewa matundu makubwa hata ungepitisha kidole gumba, zinaning'inia mpaka karibu na mabega. Nilishindwa kuyabandua macho. Mama akanifinya.

"Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo. Tukamwamkia, akaitikia marahaba moja ndefu kwa wote. "Mnatoka wapi?"

"Tabora," Baba akasema.

Weee! Mzee yule akatupa fimbo chini. "Wanyamwezi? Wabeba mizigo! Mbona vichwa vitupu, mizigo yenu mmemwachia nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Baba maneno kama hayo, na nikangoja moto uwake. Baba akajifuta mikono, akamtazama, akasema, "Tumeiweka chini tupumzike. Tumesikia Wagogo mnaoga mara moja kwa mwaka, tukasema tupitie tuone kama mwaka huu mmeshaoga."

Mama akaangua kicheko hadi akashika tumbo. Mimi sikuelewa kitu. Nilifikiri labda jua limempiga Baba kichwani.

Mzee, jina lake Ndahani, akatuletea maji ndoo nzima. Wakati wa kiangazi, mahali pale, ndoo nzima ya maji si kitu kidogo, wanawake walikuwa wakiyafuata mbali. Wakaipoza rejeta, wakaijaza, nasi tukanywa kwenye kibuyu. Halafu akasimama mbele ya gari na fimbo yake akaiweka kama kizuizi cha barabarani.

"Babu zenu walipita hapa wakanywa maji yetu," akasema, "na walitoa ushuru ndipo wakaruhusiwa kupita. Wewe umekunywa, mkeo amekunywa, na hili punda lako la chuma nalo limekunywa. Ushuru uko wapi?"

"Chagua," Baba akasema. "Unachokiona ni chako."

Mzee akalizunguka gari. Akawatazama kuku, akatikisa kichwa. Akamtazama Mama, akasema huyu atamlisha wali kila siku mpaka ashindwe kuswaga ng'ombe. Akanitazama mimi, nikafumba macho. Nilipoyafumbua fimbo ilikuwa imemwelekea Masanja.

"Huyu. Ana mguu wa kuchunga."

"Mchukue," Baba akasema, bila hata kufikiri. "Anakula kuliko anavyofaa. Ila muache kwanza akamsalimie shangazi yake. Tukirudi wiki ijayo nakukabidhi."

"Neno?"

"Neno."

Wakapeana mikono. Mzee akatoa mfukoni kamba nyembamba yenye shanga nyekundu, akaifunga kwenye mkono wa Masanja. "Alama, nisije nikachanganya," akasema. Kisha akamshika sikio taratibu kwa vidole viwili. "Na hapa tutaweka kapengo kama ng'ombe wangu wengine. Nami nitakupa mbuzi wako mwenyewe wa kuchunga, jike." Masanja akaruka juu kwa furaha. Nikageuka kutazama zizini. Mbuzi wote walikuwa wamekatwa pengo sikioni, wote, upande mmoja.

Nitasema kweli, kwa kuwa wote tumeshazeeka na hakuna wa kunichapa. Gari lilipoondoka, wazo langu la kwanza lilikuwa dirisha. Wakati wa kurudi nitakaa dirishani kutoka Manyoni hadi Tabora. Wazo la pili likawa asali, kwamba sasa sihitaji tena kuificha. Nikamtazama Masanja aliyekuwa akizihesabu shanga moja moja, anakosea baada ya nne anaanza upya. Akaniegemea akalala, mate yakanidondokea begani. Tulipofika Dodoma dirisha nilikuwa silitaki tena.

Nyumbani kwa shangazi kulikuwa kuzuri, na mimi nikashindwa kupafaidi. Kulikuwa na zabibu, mara ya kwanza kuziona nje ya picha, na mtoto mchanga wa kupakatwa kwa zamu. Masanja akazunguka mtaa mzima akiwaonyesha watu mkono. "Mimi nina mbuzi," anawaambia. "Mimi natolewa ushuru." Wakubwa wanacheka mpaka wanafuta machozi. Baba anasimulia habari ile kila mgeni akiingia, naye anacheka! Nikawaza mengi. Nikawaza kwamba Mama alikuwa akisema ukweli siku zote, kwamba kweli walichoka naye, na kwamba huenda ndivyo watu wazima wanavyofanya na watoto wanaouma. Nikaanza na mimi kuosha vyombo bila kuitwa. Shangazi akanisifu, akamwambia Mama, "Wifi, huyu mtoto umemfunda." Sikuwa nimefundwa. Nilikuwa naogopa.

Siku mbili kabla ya kurudi, mbuzi wa jirani akaingia kwenye bustani ya shangazi akamaliza mchicha wote. Shangazi akamkamata, akamfunga kwenye nguzo ya banda. Mchana mtoto wa jirani akaja kumtaka. "Nenda kamwambie mama yako mbuzi wenu yuko hapa," shangazi akamjibu, "na hatoki mpaka akombolewe." Jioni mama yule akaja mwenyewe na kitunga cha zabibu, akapiga goti, shangazi akazipokea, akafungua kamba. Wakaagana wakicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mchanga mikononi, nikayaona yote.

Nikamfuata shangazi jikoni. "Shangazi, kitu kikishachukuliwa, ukipeleka chochote kinarudishwa?"

"Si chochote," akasema huku akipepeta mchele. "Upeleke kitu ambacho na wewe kinakuuma. Mtu akiona kimekuuma, atakataaje?"

Kilichokuwa kikiniuma nilikuwa nakijua. Nilikwenda nikalifungua kopo, nikachovya kidole mara moja tu, nikakilamba nikiwa nimefumba macho, nikalifunga.

Siku ya kurudi niliomba gari liharibike palepale Dodoma. Halikuharibika, lilikuwa zima kuliko siku zote. Nikamwomba Baba tupite njia nyingine. Akaniuliza, "Njia ipi?" nami sikuijua. Masanja alikaa dirishani, ametoa kichwa nje, kila nyumba ya udongo anauliza kama ndiyo. Mama amejiegemeza anaimba wimbo wa kwaya. Nilimtazama nikajiuliza anaimbaje.

Tukafika kabla ya saa sita. Mzee Ndahani alikuwa uani. Mkono mmoja ameshika kamba, na mkono mwingine ameshika kisu.

Leo najua. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya zizi, achinjwe kwa ajili ya wageni, na kamba ile ilikuwa yake. Siku hiyo niliona kisu tu, na sikio la Masanja.

"Mali yangu imefika!" mzee akapaza sauti. Masanja tayari alikuwa ameruka chini, anamkimbilia. Nikampanda Mama mapajani, nikateleza nje, nikakimbia kwa miguu mitupu kwenye miiba. Nikamshika Masanja shati nikamvuta nyuma yangu, naye akaniuma mkono, kama kawaida yake. Nikapiga goti pale pale mavumbini.

"Shikamoo babu," nikasema, na kilio kikanitoka kikachanganyika na salamu. "Naomba nimkomboe mdogo wangu. Anatapika njiani. Anauma watu, hata sasa ameniuma, tazama. Hajui kuchunga, atakupotezea ng'ombe. Hii ni asali ya mzinga wangu mwenyewe, sijamwonjesha mtu. Nimelamba kidole kimoja tu. Chukua. Sikio lake usimkate."

Hata Masanja akaachia meno. Nyuma yangu nikasikia mlango wa gari na viatu vya Baba, kisha vikasimama.

Mzee Ndahani angeweza kucheka. Hata leo nikikumbuka kwamba hakucheka nampenda upya. Alikiweka kisu chini, mbali. Akajikunja hadi akachuchumaa mbele yangu, magoti yake yakilia, akalipokea kopo kwa mikono miwili. Akalifungua, akanusa, akachovya kidole kimoja kama nilivyofanya mimi. Akakaa nacho mdomoni muda mrefu.

"Hii ni ya mzinga wa kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Inakuuma?"

"Inaniuma sana."

Akaitikia kwa kichwa. Akamvuta Masanja taratibu, akamfungua ile kamba ya shanga, akaitia mfukoni mwake. Kisha akasimama, akamtazama Baba juu ya kichwa changu, akasema kwa sauti ya baraza: "Nimepokea. Mpelekeni."

Hapo nikainua macho nikamwona Baba. Alikuwa amevua kofia. Mzee wa kanisa, mwalimu wa watu, amesimama juani kichwa wazi. Akanijia, akachuchumaa naye, tukawa sote mavumbini. "Mwanangu," akasema, "huyu ni mtani wetu. Sisi na wao ni watani tangu enzi za wale wapagazi. Tunatukanana, tunanyang'anyana, na hakuna anayekasirika. Ulikuwa mzaha tu."

"Lakini wewe hutanii," nikamwambia.

Akanikumbatia, mimi na vumbi langu, akasema, "Nisamehe." Neno hilo mzazi kumwambia mtoto, kwa wakati ule, nyumba ya nani ungelisikia? Mama alikuwa analia waziwazi kando ya gari. Nadhani alikuwa akikumbuka maneno yake ya mpita njia, maana hakuyasema tena maishani.

Nilipoelewa kwamba ulikuwa utani, akili ikanirudia, na kitu cha kwanza nilichokitaka ni asali yangu. Nikamnong'oneza Baba. Mzee Ndahani akasikia, masikio yale yangeacha kusikia? Akalikumbatia kopo kifuani. "A-a! Kilichokombolea mtu hakirudi. Unataka nimchukue tena huyu mng'ata watu?" Nikamtazama Masanja, na nisiwadanganye, nilisita kidogo. Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Mimi nililia kwa ajili ya asali na Masanja akalia kwa ajili ya mbuzi aliyemkosa, tukalia pamoja hadi nyama ikaiva. Nyama ile tuliila na ugali wa uwele na mlenda, na sijala tena chakula kitamu namna ile. Kutoka hapo hadi Tabora nilipewa dirisha. Masanja akanitapikia.

Tangu siku hiyo hakuna wa kwetu aliyepita njia ile asisimame kwa Mzee Ndahani. Babu alipoisikia habari alinicheka hadi akakohoa, akanitumia kopo jingine, kubwa zaidi. Baba naye alibadilika kidogo. Bado aligonga sahani kwa kijiko, lakini kila alipotaka kututania alikuwa anainua kidole kwanza na kutangaza, "Huu ni mzaha." Tulikuwa tunacheka kabla hajaanza.

Baba alipofariki, Mzee Ndahani alikuja Tabora, amezeeka, ameshikiliwa na wajukuu. Makaburini akaketi juu ya kifusi cha udongo akakataa kuondoka. "Hazikwi huyu," akasema. "Mwalimu mzima, maisha yake yote katania mara moja tu, tena akamliza mtoto. Nani atamkomboa?" Watu waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kukufungua kifua upate kupumua. Mama akampa kofia ya Baba, ile ile, akaivaa, akainuka kupisha maziko.

Mwaka jana akaondoka Mzee Ndahani mwenyewe. Masanja ndiye aliyenipigia simu. Siku hizi ni mtu wa tumbo na miwani, baba wa watoto wanne, na wa mwisho anauma, Mungu halali. "Dada," akasema, "mwenye mali yake amefariki. Twende." Tukaenda kwa gari lake, lami tupu, hata vumbi la kukohoa hakuna. Nilikaa dirishani.

Pale kaburini Masanja hakuniangusha. Akajilaza kwenye kifusi na suti yake. "Hazikwi mtu! Mzee huyu aliniahidi mbuzi jike, nimengoja hadi nimeota mvi!" Wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Wakamletea kweli, mbuzi jike, mwenye pengo sikioni. Akashika kamba, akainuka.

Ikabaki zamu yangu. Nikasimama ukingoni na jembe nililomnyang'anya mchimbaji. "Na mimi je?" nikasema. "Mtani wangu simtoi bure. Mkomboeni."

Binti yake mkubwa alikwenda ndani, akarudi amebeba kitu kwenye kitambaa, akapiga goti mbele yangu kama nilivyopiga mimi. "Baba alisema utasimama hapo hapo," akaniambia. "Alikataa kopo hili lisiwekwe chumvi wala ugoro miaka yote. Alisema wewe ukija, tumkomboe kwa hili."

Nikaligeuza. Kitakoni, chini ya kutu, jina langu. Nikalifungua, na ndani yake kulikuwa na kamba nyembamba ya shanga nyekundu. Masanja akanyosha mkono kuijaribu, haikuvuka vidole viwili. Harufu ikanijia, moshi na nta. Nawaambieni ilikuwepo.

Nikamkabidhi mchimbaji jembe lake, nikasogea pembeni.

"Nimepokea," nikasema. "Mpelekeni."